Siku ya Nani? Tusome Kalenda ya Kashmir

Wengi wetu tukiiona kalenda tunatafuta kitu kimoja tu: lini hakuna vipindi. Lakini sikukuu ya kitaifa haijiweki yenyewe. Kuna aliyeamua ikumbukwe, na kuna anayeweza kuifuta. Tuchukue mfano wa Kashmir.

Tuanze na Julai 13. Mwaka 1931 watu walikusanyika nje ya jela kuu ya Srinagar kufuatia kesi ya Abdul Qadeer, aliyeshtakiwa kwa hotuba ya kuupinga utawala wa Maharaja Hari Singh. Askari wa Maharaja wakafyatua risasi, wakaua watu 22. Kwa miongo mingi hiyo ikawa Siku ya Mashahidi, ofisi zinafungwa.

Agosti 5, 2019, serikali ya Delhi iliiondolea Jammu na Kashmir hadhi yake maalumu. Orodha ya sikukuu za 2020 ilipotoka, Julai 13 haikuwemo. Iliyoingia ni Oktoba 26, siku ambayo Hari Singh alisaini kujiunga na India mwaka 1947. Yaani siku waliyokufa raia imetoka, siku aliyosaini mtawala imeingia.

Upande wa pili nako kalenda ina kazi. Pakistan huiita Oktoba 27, siku majeshi ya India yalipotua Srinagar, Siku Nyeusi, na Februari 5 ni mapumziko ya mshikamano na Wakashmiri. Wapandit, yaani Wahindu wenyeji wa Bonde la Kashmir, wao hukumbuka Januari 19, 1990, usiku wa vitisho uliofuatiwa na maelfu yao kuhama makwao. Kila kundi lina tarehe yake ya kilio, na mara nyingi tarehe ya mmoja haimo katika maombolezo ya mwenzake.

Sherehe za utamaduni je? Hizo hazingoji tangazo la serikali. Katika Herath, sikukuu ya Wapandit ya mungu Shiva, jozi hulowekwa kwenye chungu cha maji, kisha hugawiwa ndugu na majirani. Wakati wa Maulidi, Waislamu hufurika Hazratbal, ukingoni mwa ziwa Dal, kuuona unywele unaoaminiwa kuwa wa Mtume.

Halafu kuna Tulmulla, kwenye hekalu la Kheer Bhawani. Kila mwaka, Mei au Juni, Wapandit waliohama hurudi kwa mabasi na kutazama rangi ya maji ya chemchemi: yakiwa meusi, wanaamini balaa linakuja. Na maua na maziwa ya sadaka wananunua kwa nani? Mara nyingi kwa Waislamu wa hapo hapo. Hilo halifuti yaliyotokea 1990, ila linaonyesha ujirani haujafa kabisa.

Ya kujadili darasani:
1. Serikali ikifuta sikukuu, je, inafuta kumbukumbu?
2. Makundi mawili yanaweza kuomboleza pamoja bila mmoja kumnyamazisha mwenzake?