Kompyuta ya Gemu Isiyopiga Kelele: Somo kwa Wanaoishi Wawili Chumbani



Mwanzoni mwa semesta hii akhi mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Koboko, alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameorodhesha vifaa vya kompyuta anayotaka kuiunda kwa pesa alizoweka tangu akiwa sekondari, na alitaka nimwambie kama orodha iko sawa. "Kaka, nataka icheze gemu yoyote, lakini isipige kelele. Tunakaa wawili chumbani." Mstari wa kwanza ulikuwa kadi ya picha aina ya RTX 3080, mtumba, aliyoahidiwa na mtu wa Kampala. Mstari wa mwisho ulikuwa pawa saplai, na mbele yake ameandika: "yoyote ya bei nafuu."

Nilimwambia ameiandika orodha juu chini. Somo la mwezi huu ni yale niliyomweleza usiku ule, pamoja na hesabu ambazo sikuweza kuzifanya tukiwa tumesimama.

Kwanza nikiri la kwangu. Mwaka jana nilikuwa na mashine ambayo nikifungua gemu inavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Mwenzangu wa chumba anasoma uuguzi, anaamka kabla ya alfajiri kwenda zamu. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, nami nikadhani amezoea. Kumbe usiku alikuwa anabeba mto wake na kwenda kulala msikitini. Niliambiwa na mlinzi wa msikiti, si yeye. Kama na wewe unasema "mimi huvaa hedifoni", kumbuka hedifoni zinamfaa aliyezivaa tu.

Kelele inaanzia kwenye wati

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Kadi inayovuta wati 320, kama hiyo RTX 3080, ni kama pasi ndogo uliyoiwasha ndani ya kasha. Joto hilo lazima litolewe kwa hewa, na hewa inasukumwa na feni. Wati zikizidi, feni zinazunguka kwa kasi, na kasi ndiyo kelele. Kwa hiyo anayetaka ukimya asianze kwa kutafuta feni za ajabu. Aanze kwa kuuliza kila kifaa: unavuta wati ngapi?

Tazama tofauti. RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, inavuta takriban wati 115. RX 6600 ya mwaka 2021 inavuta 132. GTX 1650 ya mwaka 2019 inavuta 75 tu, na nyingi hazihitaji hata waya wa umeme wa peke yake. Kwa skrini ya kawaida ya 1080, ambayo ndiyo tuliyo nayo karibu sote, hizo mbili za kwanza zinacheza gemu nyingi vizuri. RTX 3080 ina nguvu zaidi, hilo silikatai. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo utailipia kisha uiache, kwa sababu skrini ya mizunguko 60 haiwezi kukuonyesha picha zaidi ya 60 kwa sekunde.

Upande wa prosesa mambo ni mepesi. Ryzen 5 5600 au Core i5-12400 zinatosha, zote zimeandikwa wati 65, ingawa hiyo ya Intel ikiachiwa hupanda hadi 117 kwa muda. Core i9-14900K hupanda hadi 253. Sijui mwanafunzi ataitumia kwa nini, labda kupikia.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaidharau: Ryzen 5 5600G, prosesa yenye kitengo cha picha ndani yake, bila kadi kabisa. Haitacheza gemu mpya nzito kwa ubora wa juu. Lakini mpira, mbio za magari na gemu za zamani inacheza, na kompyuta nzima inakaa karibu na wati 100. Ukiichukua hiyo, nunua ramu vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Kitengo cha picha kinakopa ramu, na vipande viwili vinaipa njia mbili za kupitia. Kosa la kuweka kipande kimoja nimeliona mara nyingi, halafu mtu analaumu prosesa. Jua pia kwamba 5600G ina kashe nusu ya ile ya 5600, kwa hiyo ukija kuongeza kadi baadaye utakuwa nyuma kidogo ya mwenzako.

Feni kubwa, mwendo wa taratibu

Hapa ndipo penye hesabu nzuri. Hewa inayosukumwa na feni hupungua sawasawa na kasi yake: mizunguko ikishuka kwa nusu, hewa nayo nusu. Lakini sauti haishuki hivyo. Kupunguza mizunguko kwa nusu huishusha sauti kwa takriban desibeli 15, na kila desibeli 10 sikio letu huzisikia kama sauti imepungua nusu. Sasa weka feni mbili zinazofanana, kila moja kwa nusu ya kasi. Hewa inarudi karibu ile ile ya feni moja ya kasi kamili. Kelele ya feni ya pili inaongeza desibeli 3 tu. Umebakiwa na faida ya desibeli 12 kwa gharama ya feni moja.

Ndiyo maana kipooza kidogo kinachokuja bure na prosesa si rafiki wa anayelala. Mapezi yake ni machache na feni yake ndogo, hivyo lazima ikimbie. Kipooza cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya sentimita 12 kinafanya kazi hiyo hiyo kwa mwendo wa kutembea. Si lazima kiwe Noctua ya Austria, ingawa feni zao za rangi ya kahawia zinasifiwa kwa haki. Arctic na Thermalright wanatengeneza vya bei ya chini vinavyokaribia sana. Na ukinunua kadi ya picha, chukua yenye feni mbili na mapezi marefu, uiache ile fupi ya feni moja hata kama chipu ni ile ile.

Kuhusu kasha, wengi hudanganywa na makasha "ya kimya" yenye sponji ndani na uso uliofungwa. Yanafaa kwenye nchi ya baridi. Hapa Arua, Januari na Februari, chumba chenye paa la bati hupita nyuzi 30 bila shida. Kama prosesa yako ina nyuzi 70 wakati chumba kina 24, chumba kikifika 33 nayo itafika 79, kwa sababu kipooza hakipunguzi joto chini ya hewa iliyopo. Tena tuko karibu mita 1200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, inabeba joto pungufu kuliko ile ya Mombasa. Chukua kasha lenye wavu mbele, hewa iingie bila kubanwa.

Wavu huo uwe na chujio. Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua. Panga feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, mbili mbele na moja nyuma, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya kuingizwa na vumbi kupitia humo. Osha chujio kila Ijumaa asubuhi ukifua kanzu. Mashine iliyokaa miezi sita bila kusafishwa hurudia kelele zake zote hata kama ulinunua feni za dhahabu.

Diski ni neno moja: SSD. Haina kinachozunguka. Diski ya zamani ya mizunguko 7200 inanguruma usiku kucha, na meza yenye uwazi chini inaikuza kama ngoma. Kama unayo na ina kazi zako, itoe iwe ya kuhifadhia nakala. Na chini ya kasha lolote weka vipande vinne vya raba ya ndala zilizokatika. Sifanyi mzaha, jaribu.

Pawa saplai ndiyo mstari wa kwanza

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Pawa saplai yangu ya kwanza niliinunua duka moja ambalo sitalitaja. Lebo ilisema wati 500, lakini ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Feni yake ililia tangu siku ya pili. Mwezi wa tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kikasikika kitu kama kijiti kuvunjika, na harufu. Iliondoka na ubao mama. Ada ya semesta nililipa kwa awamu nne kwa sababu ya lebo ile.

Wakubwa waliosoma hapa kabla ya 2024 wanaijua Arua nyingine. West Nile ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea kituo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, pamoja na jenereta ya mafuta. Laini ya kupitia Gulu na Nebbi imebadilisha mengi. Lakini hata leo, uwe Muni au IUIU kampasi ya Arua, usipange kompyuta kana kwamba umeme haukatiki.

Kwa mashine tunayoizungumza, pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Gold inatosha. Alama hiyo ina maana kwamba kwa matumizi ya katikati, takriban asilimia 90 ya umeme inafika kwenye vifaa na kilichobaki tu ndicho kinageuka joto ndani yake. Joto likiwa dogo, feni yake haina haraka. Nyingi za daraja hili huizima kabisa feni wakati unaandika kazi ya darasani. Mwenzako akilala wewe ukimalizia ripoti, kompyuta inakuwa kimya kabisa.

Sasa hesabu ya Koboko, maana akhi wetu likizo anarudi nyumbani, na kwao wanatumia sola. Betri ya volti 12 ya Ah 100 ina wati-saa 1200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unaitaka idumu, basi una 600. Inveta inakula kama asilimia 15, zimebaki 510. Kompyuta yenye RTX 3080 pamoja na skrini, ikivuta wati 450, inamaliza hizo kwa saa moja na dakika chache, na kwa kweli mapema zaidi, kwa sababu betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu ya kilichoandikwa. Yenye RTX 4060, kwa wati 225, inafika saa mbili na robo. Yenye 5600G, kwa wati 125 pamoja na skrini, saa nne. Na betri hiyo ndiyo inayomwashia mama taa.

Inveta iwe ya wimbi safi, ile mafundi wa sola wanaita pyua saini. Pawa saplai nzuri za kisasa nyingine hukataa wimbi la mraba la inveta na UPS za bei ya chini. Umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo na unadhani betri ni mbovu.

Kabla hujatumia shilingi hata moja zaidi

Hata aliye na mashine ya kelele tayari anaweza kuipunguza leo. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, funga picha ziwe 60 kwa sekunde. Kadi itaacha kuhangaika bure, na mara nyingi hilo peke yake hushusha feni hata menyu ikiwa wazi. Kisha ingia BIOS, upange feni zisianze kukimbia mpaka prosesa ifike nyuzi 60, na zipande taratibu, zisiruke juu na kushuka. Sauti inayobadilika humwamsha mtu kuliko ile iliyotulia. Mwenye kadi ya AMD au NVIDIA anaweza pia kuipunguzia volti kidogo kwa programu ya bure. Nenda hatua ndogo ndogo, jaribu nusu saa kila mara, na gemu ikianguka rudi hatua moja.

Akhi wetu aliandika upya karatasi yake. Juu kabisa sasa kuna pawa saplai, chini yake kipooza cha mnara na kasha la wavu, halafu 5600 na RX 6600. Kadi ya Kampala aliiacha. Aliniuliza swali moja tu lililobaki: ataibebaje kwenda kwao?

Barabara ya Arua hadi Koboko ni lami, zaidi ya kilomita 50, na taabu si hapo. Taabu ni boda ya kutoka stendi hadi nyumbani. Kipooza cha mnara kinaning'inia kwenye ubao mama kama mtoto mgongoni, na kadi ya picha imeshikwa na skrubu mbili. Toa vyote viwili kabla ya safari. Futa pesti ya zamani, funga kadi kwa nguo ya pamba ndani ya boksi lake, ushike begi hilo mapajani badala ya kulipakia juu. Ukifika paka pesti mpya, tone la ukubwa wa punje ya dengu, kaza skrubu za kipooza kwa mshazari, kidogo kidogo, na usukume kadi mpaka usikie kibano chake kikilia. Washa bila kufunga kasha kwanza, hakikisha kila feni inazunguka, halafu ndipo ufunge.