Mafuta ya Mbegu za Alizeti kwa Ngozi na Nywele: Kijitabu kwa Familia za Likasi

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, mvua karibu haionekani Likasi. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi yake kila mtu anaijua. Hewa ikikauka, ngozi nayo inapoteza maji: miguu inapauka, midomo inachunika, visigino vinapasuka, watoto wanajikuna hadi kutoka damu. Juu ya hayo kuna vumbi la barabara na la madini, kutoka Panda na Shituru hadi njia ya Kambove. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kutumia mafuta mepesi ya alizeti, yale yanayouzwa kwa kupikia na ambayo wengi wetu tunayaita turnesoli, ili yasaidie ngozi na nywele bila kuleta madhara.

Kwa nini alizeti

Mafuta ya alizeti ni membamba, hayana rangi kali, yanatandaa upesi na hayaachi ngozi ikinata. Mawese ni kitu kingine. Asubuhi ya baridi yanaganda chupani, na ukijipaka yanatia doa jekundu kwenye shati la shule. Mafuta haya mawili yanatofautiana pia kwa asidi za mafuta zilizomo. Katika alizeti ya kawaida, asidi iitwayo linoleiki ni karibu asilimia 60. Katika mawese ni karibu asilimia 10. Mwili hauwezi kuitengeneza asidi hiyo wenyewe. Tunaipata kwenye chakula, na ngozi inaitumia kujenga tabaka lake la juu, lile linalozuia maji ya mwilini yasitoroke.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walilinganisha mafuta ya alizeti na ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima. Zeituni ilidhoofisha tabaka hilo la juu, alizeti haikulidhoofisha. Zeituni ni ghali, na wapo akina mama wanaojinyima ili wapate kichupa chake kwa ajili ya ngozi ya mtoto. Hakuna sababu ya kujinyima hivyo.

Angalia lebo kabla ya kulipa. Ipo alizeti iliyozalishwa ili istahimili moto wa kukaangia, na chupa yake huandikwa «oléique». Hiyo ina linoleiki kidogo. Kwa ngozi, chagua ile ya kawaida.

Osha kwanza

Mahali pengine ushauri huu unaweza kuwa wa hiari. Likasi ni lazima. Mafuta yakipakwa juu ya vumbi yanalishikilia vumbi hilo mwilini, na vumbi letu si udongo mtupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi sana mwilini. Kobalti pia ni miongoni mwa metali zinazojulikana kuamsha mzio wa ngozi: mikono inawasha, inatoa malengelenge, inapasuka. Mafuta hayazuii metali kuigusa ngozi, wala hayaisafishi.

Kwa hiyo papa anayetoka mgodini, na mama anayetoka kuosha mawe ya madini, aoge kwa maji na sabuni kabla ya kujipaka chochote na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ukishaoga, jikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, uache ngozi ikiwa na unyevu kidogo, kisha paka mara moja. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia maji yaliyopo. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka unapata kung'aa tu. Kijiko kimoja au viwili vya chai vinatosha mikono na miguu ya mtu mzima. Kama shuka linalowa mafuta, umezidisha.

Visigino vilivyopasuka sana vinahitaji kitu kizito zaidi. Hapo vaselini isiyo na manukato inashinda alizeti: paka usiku, vaa soksi, ulale.

Watoto wachanga

Habari kwamba alizeti huokoa watoto ina msingi, lakini inasimuliwa nusu. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliozaliwa kabla ya wiki 33 za mimba walipakwa mafuta ya alizeti chini ya uangalizi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41 wakilinganishwa na wasiopakwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwapaka mafuta watoto njiti na wenye uzito mdogo kunaweza kufikiriwa. Uamuzi huo ni wa wauguzi na daktari wanaomwona mtoto.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya ana hali nyingine. Utafiti wa Manchester wa mwaka 2016 uliona kwamba zeituni na alizeti, zote mbili, zilibadilisha mpangilio wa mafuta ya asili katika ngozi ya watoto wachanga, na watafiti wakashauri tahadhari. Mama, mtoto wako akiwa na ngozi nzima katika wiki zake za kwanza, mwache kama alivyo. Usimpake mafuta puani wala kwenye kitovu.

Nywele

Nywele zetu za kujisokota hukauka kwa sababu mafuta ya asili ya kichwa hayasafiri kwa urahisi hadi kwenye ncha. Alizeti inasaidia hapo: lowesha nywele, sugua matone machache viganjani, pitisha kuanzia katikati hadi kwenye ncha kabla ya kusuka. Nywele zitalainika na itakuwa rahisi kuzichana. Lakini mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta ya nazi yalipunguza upotevu wa protini ya nywele, na ya alizeti hayakuweza. Mwenye nazi atumie nazi kabla ya kuosha nywele.

Usimimine mafuta kwenye ngozi ya kichwa yenye mba, kwa maana fangasi wa mba hujilisha mafuta hayo. Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kichwani mwa mtoto mara nyingi ni choa, na choa ya kichwa hutibiwa kwa vidonge. Nywele zinazong'oka pembezoni mwa paji la uso zinaumizwa na misuko inayovutwa mno; legeza misuko, mafuta hayatazirudisha.

Kununua na kutunza

Linoleiki huharibika upesi ikikutana na hewa, mwanga na joto. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, iweke gizani, na ukisikia harufu ya uchungu usijipake tena. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki au mikate hayafai kabisa kwa ngozi. Kabla ya kuanza, paka kidogo ndani ya mkono na usubiri siku mbili.

Kataa chupa isiyo na lebo inayoahidi kung'arisha rangi, hata muuzaji akikuapia kwamba ni mafuta ya mbegu tu. Michanganyiko ya kujichubua mara nyingi huwa na haidrokwinoni au zebaki, na zebaki huharibu figo.

Alizeti haizuii jua. Mtu mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na krimu maalumu ya kuzuia jua, kila siku. Na chunusi, kidonda kinachotoa usaha, upele unaowasha usiku nyumba nzima, au ngozi isiyopona baada ya wiki mbili, visifunikwe kwa mafuta. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue ile chupa uliyokuwa ukitumia ili muuguzi aione.