Fremu ya Alumini Ikipata Ufa

Mlio ndio huanza. Kila ukikanyaga pedali kupanda mlima, kitu kinalia chini yako. Unakaza siti, unapaka cheni mafuta, unabadilisha gololi, na mlio haukomi. Baiskeli yangu ya milimani, ya mtumba, ilinililia hivyo karibu mwezi mzima, hadi siku nilipoigeuza magurudumu juu nikaona, karibu na kibano cha siti, mstari mweusi mwembamba kama unywele.

Rangi nayo hupasuka, kwa hiyo usihukumu kwa macho tu. Osha, kausha, kisha pitisha ukucha juu ya mstari. Ukinasa, kwangua rangi kwa msasa laini mpaka alumini ing'ae. Ukiwa bado na shaka, tumia mbinu ya mafundi wa reli wa zamani: paka mafuta ya taa, subiri kama dakika 20, futa hadi pakauke kabisa, halafu sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Kagua shingo ya fremu pale bomba la chini linapoungana nayo, kuzunguka ekseli ya pedali, mabomba ya nyuma karibu na gurudumu, na mdomo ule nguzo ya siti inapoingia. Hapo mdomoni wakosaji mara nyingi ni sisi warefu: tunavuta siti juu kupita alama iliyochongwa kwenye nguzo, kisha kila tunapokalia tunaikwanyua fremu kama kwa mtaimbo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, chukua sumaku. Ikinata, una bahati. Phoenix za Tanzania na Black Mamba za Kenya ni za chuma, na fundi mzuri wa kuchomelea anazirudisha barabarani mchana huohuo. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza tunapopata alumini.

Chuma hutoa taarifa: huwa chekundu, ndipo kiyeyuke. Alumini hubaki na kijivu chake kilekile, kisha ikifika nyuzi 660 hivi inaporomoka ghafla. Tena juu yake kuna utando wa oksidi usioyeyuka hadi moto upite nyuzi 2,000, kwa hiyo ndani pamekuwa uji na juu bado ni ganda. Fundi wa mageti niliyempelekea fremu yangu aligusa mara moja kwa mashine yake ya vijiti, na pale palipokuwa na unywele pakawa na tundu la kupitisha kidole. Simlaumu, kosa lilikuwa langu. Kazi hii inataka mashine ya tigi yenye umeme wa mkondo geu na gesi ya agoni, na mkono uliozoea bomba lenye ukuta mwembamba wa milimita moja au mbili.

Tuseme umempata mwenye mkono huo. Tatizo kubwa zaidi halionekani. Fremu nyingi ni za aloi inayoitwa 6061. Kiwandani, baada ya kuchomelewa, fremu nzima huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 530 hivi, huzamishwa majini, kisha huokwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 175 hivi. Ugumu wake unatoka huko. Moto wa fundi unaifuta kazi hiyo, na eneo la kandokando ya mshono linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu. Mshono wenyewe utapendeza hata kupigwa picha. Ufa mpya utaanzia pembeni yake. Kuirudisha tanurini kunawezekana, ila fremu hujipinda, lazima inyooshwe, rangi yote inaungua, na gharama kwa kawaida inapita bei ya fremu nyingine.

Vijiti vya alumini vinavyoyeyushwa kwa moto mdogo wa gesi vinaziba sufuria vizuri. Viache kwenye sufuria. Gundi ya kuchanganya, vivyo hivyo. Kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa kunauchelewesha tu usiendelee.

Ufa ukiwa shingoni, usipande tena, hata kufika dukani: pakikatika, uma na usukani vinakwenda zao na wewe zako. Lakini kilichovunjika kikiwa ni kile kipande cha nyuma kinachoshika mkono wa gia, tulia. Kwenye baiskeli nyingi kimefungwa kwa skrubu, kimetengenezwa kivunjike ili fremu ipone. Nunua kinachofanana nacho. Na kama uliinunua baiskeli ikiwa mpya, tafuta risiti kabla hujaigusa kwa msasa, maana dhamana nyingi humhusu mnunuzi wa kwanza, na fremu iliyochokolewa hukataliwa.

Basi, badilisha fremu na uokoe vingine vyote. Nenda sokoni na vipimo mfukoni. Nguzo ya siti imechongwa kipenyo chake, pengine milimita 27.2, 30.9 au 31.6, na tofauti hizo ndogo hazisameheki. Pima nafasi ya gurudumu la nyuma: za zamani huwa 135, mpya 142 au 148. Ekseli ya pedali yenye vikombe vya nyuzi hukaa kwenye upana wa 68 au 73. Angalia kama mti wa uma umenyooka au unapanuka chini, na kama fremu ina mahali pa kufungia breki za diski. Fremu ya mtumba ipitie kwa ukucha na chaki kabla ya kutaja bei.

Wakati wa kufungua, pedali ya kushoto hulegea kwa kuzungusha upande wa saa, na vivyo hivyo kikombe cha kulia cha ekseli. Wengi wameharibu nyuzi hapo kwa kutumia nguvu. Paka grisi nguzo ya siti kabla ya kuiingiza, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi huigandisha na fremu.

Fremu yangu ya zamani niliikata kwa msumeno vipande viwili pale penye tundu, ndipo nikaipeleka kwenye mzani wa vyuma chakavu. Ningeiuza nzima, mtu angeijaza gundi, akaipaka rangi, akamuuzia kijana anayekwenda nayo shule.