Usikate Majani Yote

Ukisafiri kutoka Tanga kwenda Muheza na Korogwe, utaona mashamba ya mkonge kando ya barabara. Pengine wewe mwenyewe unao mkonge shambani kwako. Je, umewahi kujiuliza kwa nini mkonge hubaki kijani wakati mahindi yamekauka? Na kwa nini jani lake lina singa ngumu? Tukijua majibu, tutajua pia namna ya kuukata bila kuuharibu.

Mkonge ulitoka mbali

Asili ya mkonge ni nchi ya Meksiko, mahali penye jua kali na mvua chache. Mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ilikufa. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mkonge ulistawi. Kufika mwaka 1964, nchi yetu ilitoa tani 230,000 hivi za singa kwa mwaka. Mmea huu ulistawi kwa sababu kila sehemu ya mwili wake inafaa kwa kazi yake.

Mizizi

Mizizi ya mkonge ni mingi na myembamba. Haiendi chini sana. Hutambaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo hata mvua ndogo ikinyesha, mizizi huyapata maji mapema. Lakini magugu nayo huyataka maji hayo hayo. Ndiyo maana mkonge mchanga unahitaji palizi. Tena, usiupande mahali maji yanapotuama, kwa sababu mizizi itaoza.

Jani

Chukua jani moja la mkonge ulichunguze.

Kwanza, pitisha kidole juu ya jani changa. Utaona alama. Umefuta nta. Nta hiyo pamoja na ngozi nene huzuia maji yasitoke.

Pili, katika ngozi hiyo mna vitundu vidogo sana ambavyo macho yetu hayavioni. Jani huvuta hewa kwa vitundu hivyo. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana. Mkonge huvifunga mchana wa jua kali, ukavifungua usiku wakati kuna ubaridi. Hivyo haupotezi maji mengi.

Tatu, kata jani katikati. Utaona nyama laini yenye maji mengi. Nyama hii ni mtungi wa kuwekea maji. Tena ni jiko. Sehemu yake ya kijani hutumia mwanga wa jua, hewa na maji kutengeneza chakula cha mmea wote.

Nne, vuta singa. Singa ndizo zinazolishika jani lisivunjike. Fikiri ukuta wa nyumba ya udongo. Udongo peke yake ungeanguka, lakini fito huushika. Singa ni fito za jani. Sisi tunazitumia kwa kamba, magunia na mazulia, lakini mmea ulizitengeneza kwa faida yake wenyewe. Tena ni chache kwa uzito. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi tu za singa kavu. Sehemu kubwa ya jani ni maji.

Shina

Shina la mkonge ni fupi na nene. Ni ghala la chakula. Baada ya miaka mingi, mmea hutoa mlingoti mrefu wenye maua na miche midogo. Chakula chote cha ghalani huenda huko. Kisha mmea hufa.

Namna ya kukata

Sasa fikiri juu ya mkulima mwenye shida ya fedha. Watoto wanahitaji sare za shule. Anakwenda shambani na kukata majani yote kwa siku moja. Leo amepata fedha. Lakini ameliondoa jiko la mmea. Mmea hauna tena mahali pa kutosha pa kutengenezea chakula. Utakua polepole na kutoa majani mafupi. Majani mafupi yana singa fupi, na singa fupi zina bei ndogo. Shida ya leo amewaachia watoto wake ya kesho.

Basi fanya hivi:

1. Anza na majani ya chini, yaliyolala nje. Hayo yamekomaa.
2. Yaache majani ya juu yaliyosimama. Acha kama majani 20 hadi 25 katika kila mmea.
3. Usiguse kabisa majani machanga yaliyofungamana katikati kama mkuki.
4. Peleka majani kwenye korona mapema, kabla ya siku mbili kupita. Jani likikauka, nyama hushikamana na singa, na kuzisafisha huwa kazi ngumu.

Mkonge ni kama ng'ombe wa maziwa. Anayemkamua humwachia ndama sehemu yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Nta ya jani ina kazi gani?
2. Kwa nini singa zinafananishwa na fito?
3. Mkulima akikata majani yote, mmea unapata hasara gani? Yeye je?
4. Chagueni mmea mwingine wa kijijini kwenu, kama mnazi au mhogo. Elezeni kazi ya mizizi, shina na majani yake.