Umeinua Pikapu? Uliza Mzigo Kabla ya Kuuliza Ukubwa wa Tairi

Mtu akishainua pikapu yake, springi mpya na shokomzoba zikafungwa, gari likasimama juu, safari inayofuata ni ya duka la matairi. Akifika huuliza: "Tairi kubwa kuliko yote litakaloingia hapa ni lipi?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: kila tairi litabeba kilo ngapi? Tairi lililozidi kimo litakwaruza madigadi, nawe utalisikia siku hiyo hiyo. Tairi lililozidiwa na mzigo halikupi taarifa. Ukuta wake unapata moto kilomita baada ya kilomita, kisha linapasuka gari likiwa kwenye mwendo na watoto wako ndani.

Nitatumia mfano wa Toyota Hilux, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani na tairi za 265/65R17. Namna ya kukokotoa ni ile ile kwa Ford Ranger, Isuzu D-Max au Land Cruiser.

1. Jua kuinua kumebadilisha nini

Springi ndefu huinua chesisi na bodi. Difu ya nyuma haiinuki, kwa kuwa imo kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Jiwe lililogonga difu jana litaigonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, nalo huinua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka.

Kuinua pia hakuongezi uzito ulioruhusiwa. Hata springi zikiwa za mzigo mzito, ekseli, breki na chesisi ni zile zile. Kikomo kinabaki kile alichoandika mtengenezaji kwenye kibao cha gari na kwenye kitabu chake.

2. Pima gari kwenye mizani

Pikapu iliyoinuliwa mara nyingi imebeba mengi kabla hata ya mzigo: bampa ya chuma, winchi, tanki la pili la mafuta, hema juu ya keria. Usikadirie kwa macho. Ipeleke kwenye mizani ya magari ikiwa kama inavyosafiri, mafuta yamejaa, watu wamo, mzigo umefungwa. Pima gari zima, halafu pima ekseli ya nyuma peke yake.

Tuseme ekseli ya nyuma imekuja na kilo 1,760, na kibao cha gari kinaruhusu. Gawanya kwa mbili: kila tairi linabeba kilo 880. Lakini mzigo haukai sawa pande zote. Gari likiinama kwenye kona au likitumbukia shimoni, tairi moja hubeba zaidi ya mwenzake. Mimi huacha akiba ya robo nzima: 880 na 220, jumla 1,100. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

3. Soma ubavu wa tairi

Chukua 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ukuta, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni radial, na 17 ni inchi za rimu. Kinachofuata ndicho wengi hukiruka: 112 ni namba ya mzigo, na S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa.

Namba za mzigo si kilo. Kila moja ina kilo zake:

- 110: kilo 1,060
- 112: kilo 1,120
- 115: kilo 1,215
- 116: kilo 1,250
- 118: kilo 1,320
- 121: kilo 1,450

Ukikuta 121/118, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake kila upande, na ya pili ni ya matairi mapacha kama ya lori. Pikapu yako inasoma ya kwanza.

Kwa kilo zetu 1,100, tairi la 112 linatosha. Usishuke kamwe chini ya namba iliyotoka na gari, na usidhani tairi kubwa lazima libebe zaidi. Matairi mawili ya ukubwa mmoja yanaweza kupishana sana kwa namba ya mzigo. Linganisha namba kwa namba.

Matairi yenye herufi LT ni ya magari ya mizigo. Hayo hupangwa kwa C, D na E, sawa na nguvu ya nyuzi 6, 8 na 10. E linavumilia mawe na mzigo, lakini ni zito na gumu. Kama gari lako hutembea tupu siku nyingi, E litakurusha tu barabarani na kukulia mafuta.

4. Kokotoa kimo

Zidisha upana kwa asilimia ya ukuta, zidisha kwa 2, kisha ongeza rimu (inchi 1 ni milimita 25.4).

- 265/65R17: milimita 776
- 265/70R17: milimita 803
- 285/70R17: milimita 831

Kutoka la kwanza kwenda la pili, difu inapanda milimita 13. Kwenda la tatu, inapanda milimita 27, na kimo cha tairi kimeongezeka kwa asilimia 7. Ikiwa mshale wako ulikuwa sahihi, sasa ukisoma 80 gari linakwenda karibu 86. Tochi ya trafiki husoma mwendo halisi, haisomi mshale wako. Kilomita 10,000 za kumwaga oili nazo zitakuwa kama 10,700.

Tairi refu pia huifanya kila gia kuwa nzito. Panda mlima Kitonga na mzigo ndipo utajua: gia uliyopandia zamani haitoshi tena. Ukishuka, breki zile zile zinashika gurudumu refu na zito zaidi. Kwa mtu wa mizigo, 265/70R17 ni chaguo la busara. 285/70R17 liache kwa mwenye njia ya matope na mawe kila wiki.

5. Jaribu kabla ya kulipa

Omba lifungwe moja mbele. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisha pandisha gurudumu moja juu ya tuta ili springi ibonyee, ukate tena. Angalia madigadi, bampa, na chesisi nyuma ya gurudumu. Usitatue mkwaruzo kwa rimu inayotokeza nje sana, maana inaumiza beringi. Hakikisha rimu yenyewe inastahimili kilo zile zile.

Nunua matano. Spea ya ukubwa tofauti, ukiweka 4x4, huumiza difu na gia. Pima kama spea mpya inaingia chini ya bodi.

Soma pia tarehe: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wenye kashata nzuri lakini umri wa miaka 10 uache hapo hapo.

6. Upepo ndio unaobeba

Hapa ndipo wengi hupotea. Tairi la E hufikia uwezo wake kamili kwenye psi 80 hivi. La kawaida hufikia kwenye 35 au 36. Ukifunga E la 121 ukalijaza upepo wa tairi la zamani, linaweza kubeba kilo chache kuliko lile la 112 ulilotoa. Omba jedwali la upepo na mzigo la mtengenezaji wa tairi, utafute kilo zako humo. Gari likiwa tupu, punguza kwa kufuata jedwali hilo hilo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na usitoe upepo kwa sababu tairi limepata moto njiani.

Siku ya kwenda dukani, chukua karatasi yenye mambo matatu: kilo za kila tairi pamoja na akiba, namba ya mzigo iliyotoka na gari, na kimo ambacho madigadi yanaruhusu. Muuzaji akikuletea tairi zuri lililokosa hata moja kati ya hayo, mshukuru, na umwombe akuletee lingine.