Saa 72

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kuhitimu, safari hii nataka tusomeshane namna ya kuandika tangazo la redio la kuwakinga wanawake na wasichana na ukatili. Mimi nakaa Bwiza, hapa Bujumbura. Nyumba zetu zimebanana ua kwa ua, hata kilio cha usiku husikika kwa majirani watatu. Kusikia hatukosi, ila twanyamaza, maana tumezoea kuambiwa kwamba vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana.

Vijana wa jirani walipata kuniletea tangazo lao nilitazame. Lilisema, "Ukatili ni mbaya. Sote tuupige vita." Kiswahili chake safi kabisa. Nikawauliza: msichana aliyebakwa jana usiku, akilisikia asubuhi hii, atafanya nini? Wakatazamana.

Mtu aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na kila saa ipitayo yapunguza faida yake. Akishaanza huzimeza siku 28. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutumika hadi saa 120, lakini mapema ndiyo bora. Akijificha nyumbani siku nne kwa aibu, zile dawa za kwanza hazimfai tena. Basi tangazo lisilotaja saa hizo, wala mahali pa kwenda, ni kelele. Mjini mwetu Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha kuwatibu watu hao mwaka 2003, kikaitwa Seruka, yaani "jitokeze" kwa Kirundi. Naona jina hilo peke yake lashinda tangazo la wale vijana. Sheria nayo ipo, ya Septemba 2016, na itajwe. Lakini itajwe baada ya dawa.

Wengi huteleza katika siri. Jina hawalitaji, lakini husema, "binti wa miaka 14, babaye fundi cherehani, avenyu ya saba." Bwiza nzima imekwisha mjua!

Tena tumkumbuke ashikaye redio. Katika nyumba nyingi ni baba, naye akisikia anakaripiwa hubadili stesheni. Hapa tujifunze kwa Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, wakati wa vita. Mwaka 1997 ilianza mchezo wa Kirundi, "Umubanyi Niwe Muryango", maana yake jirani ndiye jamaa, ulioandikwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu nyumba mbili jirani, moja ya Wahutu, moja ya Watutsi. Watu wasiotaka hotuba ya amani walikaa kungoja yatakayowapata majirani wale.

Vijana wakaandika upya, mchezo wa dakika nne. Mzee asikia kilio nyumba ya pili, agonga mlango kuomba kiberiti. Mtu mmoja atoroka kwa nyuma. Asubuhi mke wa mzee amsindikiza msichana kwa daktari, na njiani saa 72 zatajwa mara mbili. Mwanamume asikilizaye hapo hakaripiwi. Aona mzee wa rika lake akitenda jambo. Tulibishana moja tu: wao walitaka mgongaji awe polisi. Mimi nikashikilia awe jirani, kwa kuwa saa nane ya usiku ndiye aliye karibu.