Mhamasishaji wa Afya Akipiga Hodi, Mlete Mtoto Apimwe Mkono

Wahamasishaji wa afya ya jamii, wengi wao wanawake wanaoishi katika vijiji wanavyohudumia, walikabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023. Kila mmoja hutembelea takriban kaya 100, na huduma hiyo ni ya bure.

Ndani ya mkoba mna utepe wa kupima lishe ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Mhamasishaji huuzungusha katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, kisha husoma rangi:

Kijani, sentimita 12.5 au zaidi: lishe ni nzuri.

Manjano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5: utapiamlo wa wastani. Mtoto hupewa rufaa ya kwenda kituo cha afya.

Nyekundu, chini ya 11.5: utapiamlo mkali. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Miguu yote miwili ikivimba, mpeleke hata kama utepe unaonyesha kijani.

Wazazi wengine humficha mtoto aliyekonda kwa kuona haya. Utapiamlo si aibu. Ukigunduliwa mapema, hutibika, ukifichwa, huua.